Aliyekunywa Tembo la Everlyne

Nyuma ya nyumba ya Bi Kahaso, huko Tezo, pwani ya Kenya, wanawake wawili walikuwa wakishona makuti. Kazi ya makuti hushika mikono tu, mdomo hubaki mtupu, na hawa wawili hawakujua kukaa kimya.

"Kitendawili," akasema Everlyne.

"Tega."

"Kamba imelazwa njiani. Hainifungi mguu, lakini imenifunga miaka."

Bi Kahaso akakunja jani juu ya ufito, akavuta uzi, akafikiri. Masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa, lakini vitendawili alivisikia vyote.

"Mtego wa kanga."

"Siyo."

"Kamba ya mbuzi?"

"Mbuzi gani huyo wa kufungwa miaka, mama?"

"Basi umenishinda, mwanangu."

"Nipe mji."

"Nakupa Kaloleni."

"Kaloleni! Kila siku wanipa Kaloleni, nimekwisha kujenga huko. Nipe mji wa maana."

Bi Kahaso akacheka, pengo lake likaonekana. "Haya. Nakupa Molo."

Everlyne akaweka chini kuti lake, akajinyoosha kama mtu anayeshuka kwenye gari. "Nikaenda Molo. Baridi yake, usiseme, nikavishwa koti la mkwe wangu Gitau. Nikamkuta mwanangu Nelly ameniwekea kuku, nikala mapaja yote mawili. Wajukuu wakanikalia mapajani mpaka miguu ikafa ganzi. Nikalala kwenye kitanda cha kufunikwa mablanketi matatu. Nilipochoka na raha, nikarudi kwetu Tezo." Akaliokota kuti. "Na jibu lake ni kizuizi cha polisi."

Bi Kahaso hakucheka tena. Alijua.

Maana Everlyne, mwanamke mwenye wajukuu na mvi zake kichwani, hakuwa na kitambulisho. Hakuwahi kuwa nacho. Mabasi ya kwenda bara husimamishwa njiani, abiria wakatakiwa kadi zao, na yeye alikwisha teremshwa mara moja, akalala kituoni na kurudishwa alikotoka. Tangu siku hiyo, barabara kwake iliishia pale watu wa mbele walipoanza kutoa kadi mifukoni. Wajukuu wa Molo aliwajua kwa sauti tu, na hata sauti hizo zilikuja kupitia simu ya Bi Kahaso, kwa kuwa asiye na kadi hasajiliwi laini. Nelly alipopiga, Bi Kahaso alikuwa wa kwanza kuitika, akaitwa hawe, yaani bibi, akapewa habari zote za kuhara na kuota meno, ndipo akakata uwanja na simu mkononi akiita, "Mwanangu! Mwanao huyu!"

Ilikuwaje akakosa? Baba yake, Ntirampeba, alitoka Burundi kabla ya uhuru, akaja kukata mkonge kwenye shamba kubwa kusini mwa Kilifi. Everlyne alizaliwa kambini kwa wakata mkonge, na mama yake akafa kwa uzazi huo. Akabaki na baba mwenye mikono iliyochomwa na miiba, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi alimwamsha kwa kusema "Bwakeye." Hiyo ndiyo salamu ya kwao ya asubuhi. Mwaka mmoja kabla hajaolewa, baba naye akafa, wakamzika kando ya ua wa shamba. Halikubaki kabila la kumwita huyu wetu, wala serikali.

Kisha akaja Mwaro kutoka Magarini akimtaka kwa ndoa. Wazee wa Mwaro wakaja na kadzama, ule mtungi wa tembo la mnazi unaopelekwa kwa baba wa msichana. Walipofika walikuta msichana amekaa peke yake, hakuna wa kuupokea. Wazee wakatazamana. Tembo lisiponywewa hakuna ndoa, na wao hawawezi kurudi nalo.

Ndipo Mwaringa, Mgiriama wa Tezo aliyekuwa akimuuzia marehemu tumbaku, akasema, "Nileteeni mimi." Akamuuliza Everlyne mbele ya watu, kama desturi inavyotaka: linywewe, lisinywewe? Everlyne akasema, "Linywewe, baba." Mwaringa akanywa. Tangu siku hiyo alikuwa na baba, na mke wa Mwaringa, huyu Bi Kahaso, akawa mama yake, ingawa hakumzidi miaka mingi. Mwaro alipokufa na ndugu zake wakataka nyumba yao, Everlyne alirudi Tezo kama binti yeyote anavyorudi kwa babake. Mwaringa akamkatia mahali pa kujenga, na baadaye yeye mwenyewe akafa, akazikwa pale uwanjani.

Lakini nyumba ya Everlyne ilikuwa ya mtu mmoja. Alfajiri akifungua mlango alisema "Bwakeye," kwa sauti ya chini. Kulikuwa na jibu lake, na jibu hilo alilijua. Hapakuwa na mtu mwingine Tezo aliyelijua.

*

Ikatokea kwamba serikali ilikubali kuwasikiliza watu wa namna yake. Haikukubali yenyewe tu. Mchungaji Gerishom wa kanisa lao na Ustadh Musab wa madrasa walikuwa wamezunguka maofisi miaka, bega kwa bega, mmoja na kola yake, mwenzake na kofia yake, wakisema jambo lile lile: watu hawa wamezeeka hapa, wazazi wao wamezikwa hapa, wapokewe. Mchungaji alikuwa na watoto wa wakata mkonge katika kanisa lake, na Ustadh alikuwa na familia za wavuvi wenye asili ya Pemba katika msikiti wake, nao pia hawakuwa na kadi. Makarani waliwachoka, wakawaita mapacha.

Uandikishaji ulifanyika kwenye ukumbi wa madrasa, na viti havikutosha, kwa hiyo mabenchi yalitoka kanisani.

"Ustadh," Mchungaji akasema wakiyashusha, "mabenchi yangu yakikosekana jioni nitajua yamesilimu."

"Yakisilimu, Mchungaji, usitarajie kuyaona tena. Yatakuwa yamepata raha."

Watu wakacheka. Everlyne alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amevaa sare yake ya Umoja wa Akina Mama, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake walikuwa watoto wa kambini wenzake, wazee sasa, halafu Wapemba. Bi Kahaso alikuja pia, amejifunga leso mpya, na mwanawe mkubwa Kenga, na wazee wa Tezo walioitwa kuwa mashahidi. Mchungaji alikuwa amewaambia neno moja tu jana yake: "Semeni mnachokijua."

Afisa aliitwa Kamande, kijana wa bara, mpole, jasho likimtiririka shingoni kwa joto asilolizoea.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!"

"Nani anamfahamu mama huyu?"

"Sote!"

"Ni mtoto wa nani?"

"Wa Mwaringa!" wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

Kamande akaweka kalamu chini. Hawakuwa wamedanganya, maskini. Walisema wanachokijua.

"Kama ni mtoto wa Mwaringa," afisa akasema, "basi huyu ni Mgiriama. Meza hii si yake. Hapa tunaandika wale ambao wazazi wao walitoka nje. Ana uhakika gani huyo Mwaringa kuwa ndiye baba?"

Bi Kahaso akasimama. "Uhakika? Mimi ni mkewe! Mzee alikunywa tembo lake mbele ya watu. Muulize yeyote!"

"Mama, sijauliza mzee alikuwa anakunywa nini."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata Ustadh akafunika mdomo. Mzee mmoja akajaribu kumweleza Kamande mambo ya kadzama, akaanzia mbali sana, akakatizwa.

Kenga akainua mkono. Alikuwa mtu wa vitendo. "Afande, mambo haya mepesi. Kadi ya marehemu baba ninayo nyumbani. Huyu ni dada yetu. Sisi tuko tayari kuapa."

Kamande akatazama ule mstari mrefu, akaona njia ya kuupunguza. "Ikiwa mtaapa kwamba amemzaa, mleteni ofisini kesho na hiyo kadi. Atapata kama Mkenya yeyote, wala hatasubiri haya ya hapa, ambayo sijui yatajibiwa lini. Mama, pumzika kidogo nje, mkubaliane."

Wakatoka nje, chini ya ukuta wenye kivuli. Mchungaji uso wake ulikuwa umekunjuka. "Mama Nelly, Mungu amefungua mlango mwingine. Kabla ya Krismasi utakuwa Molo."

"Mlango huo una kiapo," akasema Ustadh Musab.

"Ustadh..."

"La, Mchungaji, niache niseme. Tumezunguka miaka tukidai watu hawa wapokewe kama walivyo. Wa kwanza akiingia kwa baba wa kuazima, hawa walio nyuma yake wataazima wapi? Wao hawana Mwaringa. Na siku watakapogundua, watasema wote ni waongo, kanisa na msikiti pamoja."

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe jioni unarudi kwa mke na watoto. Huyu anarudi kwa nani?"

Ustadh akavua kofia yake. Halafu akasema, taratibu, "Kweli hiyo. Nisamehe, mama. Amua mwenyewe, na lolote utakaloamua sisi hatutakuacha."

Bi Kahaso alikuwa amemshika Everlyne mkono. Hakusikia maneno yote, lakini alielewa kwamba kuna ubishi. "Wanabishana nini hawa? Mwambieni kijana aandike Mwaringa tukale. Nimeacha kunde motoni."

Everlyne akautazama mkono ule, mikwaruzo ya ufito, kucha zilizokatika. Hakuna mkono mwingine duniani uliomshika hivyo. Kuandika Mwaringa ilikuwa rahisi kama kumeza mate. Angeiona Molo. Angeketi kwenye basi na kutoa kadi kama wenzake. Naye Ntirampeba angekuwa kama hakuzaliwa. Hakuwa na kaburi lenye jina, wala mtoto mwingine. Katika nchi aliyotoka, waliomjua wamekwisha, na katika nchi aliyofia, aliyebaki kumtaja ni mmoja tu, naye leo ndiye aliyetakiwa kuapa kwamba hakuwako.

Wakaitwa ndani. Everlyne akasimama mbele ya meza. Bi Kahaso akakaa benchi la mbele kabisa, akimwitikia kwa kichwa mapema, kama mama wa Shule ya Jumapili anayemsaidia mtoto aliyesahau mstari wake.

"Mama," akasema Kamande, "nataka kusikia kwako. Baba yako mzazi ni nani?"

"Ni Ntirampeba," akasema Everlyne. Sauti ilimtoka nyembamba. "Alitoka Burundi. Alikata mkonge. Huyo ndiye aliyenizaa."

"Na Mwaringa?"

"Mwaringa alinipokelea tembo. Alinilea ukubwani. Ni mtu mwema, Mungu amlaze..."

"Mama, mimi naandika. Nafasi niliyonayo ni ya jibu moja. Mwaringa ni baba yako, au si baba yako?"

Wazee walimtazama Everlyne, na kila mmoja alijua uzito wa neno lile. Binti akimkana aliyekunywa tembo lake mbele ya watu, amemtapisha, na ubaba huo umevunjika. Everlyne hakuthubutu kumtazama Bi Kahaso.

"Si baba yangu," akasema.

Kalamu ikatembea. Nyuma yake akasikia benchi likilia, mtu akiinuka. Bi Kahaso aliifunga leso yake upya, polepole, akaikaza.

"Kenga," akasema, "nirudishe nyumbani. Kunde zinaungua."

Everlyne aliapa kwa Biblia, akaweka vidole kwenye wino, akaulizwa mambo mengi, akayajibu. Waliomfuata kwenye mstari walimshika bega mmoja mmoja walipopita. Mmoja wao, mzee wa kambini, alimwambia, "Nilimfahamu babako. Alikuwa na mluzi mzuri." Everlyne mwenyewe hakukumbuka mluzi wowote. Hilo nalo lilimuuma, kwamba mtu mwingine alikuwa na kipande cha baba yake ambacho yeye hakupewa.

*

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Kanisani Bi Kahaso alihamia benchi la upande wa pili, karibu na dirisha, akisema anatafuta upepo. Kenga alipopita alisalimia vizuri, "Hujambo Mama Nelly," na hapo ndipo Everlyne alipogundua kwamba tangu zamani alikuwa akimwita dada.

Akashona makuti peke yake, uwanjani kwake. Mara nyingine kitendawili kilimjia, akafungua mdomo, akakuta hakuna wa kusema tega. Alisikiliza simu ya Bi Kahaso, upande wa pili wa uwanja, ikilia kwa mlio wake wa kwaya, na kuacha, na hakuna aliyekata uwanja akiita.

Mvua za vuli zilikuja zikapita. Siku moja Mchungaji Gerishom na Ustadh Musab walimjia pamoja kwa pikipiki moja, Ustadh amekaa nyuma ameshika kofia isipeperuke. Walikuwa wakicheka kabla hawajashuka. Majina yamekubaliwa. Yote, ya wakata mkonge na ya Wapemba. Kadi zitakuja.

"Limeandikwa lote, mama," akasema Ustadh. "Everlyne, binti Ntirampeba. Nimelisoma kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi," akasema Mchungaji, na Ustadh akamjibu, "Haleluya," na wote wawili wakajicheka tena.

Everlyne aliwashukuru. Aliwachemshia chai. Walipoondoka, furaha ile aliizungusha ndani ya nyumba, akakosa pa kuiweka. Mtu akipata habari kama hiyo, kitu cha kwanza hukimbia kumwambia mama yake.

Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo mwanamke wa Umoja hafanyi. Alikwenda kwa mgema, akanunua tembo jipya, linalotoa povu bado, akalitia mtungini. Akaubeba mtungi kichwani mchana kweupe, watu wa kanisa lake wakimwona, mpaka kwenye mlango wa Bi Kahaso.

"Hodi, mama."

"Karibu."

Bi Kahaso alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha. Aliutazama mtungi. Aliutambua ni wa nini, maana hakuna mzee wa pale asiyeujua mtungi ukija vile.

"Nimekuja kuomba," akasema Everlyne, akipiga magoti. "Lile neno nililisema kwa afisa. Nyumbani sijalisema. Niulize tena, linywewe, lisinywewe, nami nitajibu."

Bi Kahaso akachambua jani, akatupa bua. "Nani atakunywa?"

"Kenga. Au wewe."

"Kenga ni ndugu, hanywi tembo la dadake. Mimi ni mwanamke. Na aliyekunywa," akaelekeza kidevu kwenye kaburi la uwanjani, "yule amelala pale. Hawezi kunywa mara mbili."

"Mama, nisingeweza kumfuta babangu."

"Sikukwambia umfute. Najua una babako. Hata mzee alijua, alikuwa akimtaja, Ntirampeba hivi, Ntirampeba vile, na tumbaku yake ya mkopo." Mikono yake ikasimama. "Mimi nimezaa wanaume watupu. Watu walikuwa wakinicheka, Kahaso hana wa kumfulia akizeeka. Nikawaambia ninaye. Miaka yote hii naringa, ninaye. Halafu nikakaa mbele, ili nikusikie vizuri."

Povu la tembo lilikuwa likitoa sauti ndogo mtungini.

"Nyumba yako kaa, hapana wa kukufukuza," akasema Bi Kahaso. "Nelly alipiga juzi."

"Alisema nini?"

"Kakuuliza. Nikamwambia uko shambani." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ukipata kadi utakwenda huko. Uende, uwaone. Lakini usimwambie mtoto mambo haya. Yeye hakukana mtu. Kwake mimi ni hawe."

"Ni hawe," akasema Everlyne.

"Haya."

Bi Kahaso akachukua ungo wa mchicha, akainuka kwa kujishika kiunoni. Everlyne alinyoosha mkono kumsaidia kama alivyozoea, na yule mwanamke mzee akaupita mkono ule, taratibu, bila hasira, akaingia jikoni.

Everlyne akabaki uwanjani. Jua lilikuwa limeshapanda, na tembo halikai, jioni lingekuwa siki. Kanisani haliingii, nyumbani kwake hakuna anayekunywa, na kwa mgema halirudishwi. Akauinua mtungi kichwani, akausawazisha, akasimama pale akiwa hajui aelekee upande gani.